Kukaa Ujiji: daftari la safari kutoka Tabora hadi ziwani

Nimeandika haya nikiwa nimesharudi Morogoro, kwa kufuata daftari langu na picha alizopiga mdogo wangu njiani. Kurasa mbili tatu ziliingia mafuta ya mawese na hazisomeki. Hapo picha ndizo zilizonikumbusha. Tulisafiri Septemba, jua kali na vumbi jekundu, tukiwa na nia moja tu, kukaa Ujiji, mji wa kale kando ya Ziwa Tanganyika, jirani na Kigoma. Nasema kukaa kwa sababu wageni wengi wakifika Kigoma huchukua bodaboda, hupiga picha kwenye mnara wa Livingstone, na baada ya nusu saa wameshageuza.

Shuleni tulichorewa njia ya kati ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa: mshale unaanzia Bagamoyo, unapita Tabora, unaishia Ujiji. Mwalimu akafuta ubao, kengele ikalia. Tangu wakati ule nimekuwa nikijiuliza ni watu gani waliokuwa wakiishi pale mshale ulipoishia, na wajukuu zao wako wapi.

Jumapili, Tabora

Tulianzia Tabora kwa makusudi. Misafara iliyotoka pwani ilipumzika hapa, ikalipa wapagazi, ikaajiri wengine, kisha njia ikagawanyika: moja ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine ikashika magharibi hadi Ujiji. Anayefika Ujiji bila kupita Tabora anaingia kwenye hadithi katikati.

Asubuhi tulichukua bodaboda mbili hadi Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe walimokaa Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, mwanzoni mwa 1872 baada ya kutoka Ujiji pamoja. Ni nyumba ya udongo yenye kuta nene na ua wa ndani. Ukiingia kutoka juani unapata baridi papo hapo. Stanley aliondoka hapo Machi kurudi pwani. Livingstone alibaki akisubiri wapagazi aliotumiwa, hadi Agosti. Tuliwakuta wanafunzi wa sekondari wakinakili maelezo ya ukutani, na msichana mmoja alikuwa akimuuliza mwalimu wake kwa nini wapagazi hawana picha. Mwalimu alimjibu kwa uvumilivu, akamweleza kwamba wengi wao walikuwa Wanyamwezi wa hapahapa, na kwamba bila mabega yao hakuna pembe wala kitambaa ambacho kingesogea. Nilisimama nikasikiliza hadi mwisho.

Kwa atakayefuata: bodaboda ya kwenda na kurudi Kwihara, pamoja na kusubiriwa, tulikubaliana shilingi 10,000 kila mmoja. Kubalianeni kabla ya kupanda. Nendeni asubuhi, kwani njia haina kivuli.

Jumapili usiku hadi Jumatatu, treni

Treni tuliyoitarajia jioni iliingia usiku wa manane. Abiria waliozoea walikuwa wameshatandika kanga na mikeka jukwaani, watoto wamelala juu ya mizigo. Mama mmoja aliyekuwa akirudi Kaliua alituona tumesimama, akasogeza ndoo zake na kusema, "Kaeni wanangu, treni haiji kwa kusimamiwa." Alitugawia viazi vitamu vilivyochemshwa na chumvi ndani ya karatasi. Tulipotaka kumpa hela ya viazi alikataa kabisa, akasema tukimwona mtu mwingine amekwama tumpe yeye.

Behewa la kulala ni jambo la kulilipia kama mfuko unaruhusu, na tiketi yake inatafutwa mapema maana huisha haraka. Daraja la tatu linapitika pia, ila beba kitu cha kujifunika: usiku wa nyanda za Tabora una baridi hata kiangazi.

Urambo na Kaliua tulipita usingizini. Kulipopambazuka tulikuwa kwenye mbuga za Malagarasi, nyasi hadi upeo wa macho, ndege weupe wamejipanga majini. Katika kituo kidogo akina mama walikimbia na masinia ya kambale wakavu na chupa za asali. Asali ya chupa ya maji ya nusu lita ilikuwa shilingi 5,000, nyeusi na nzito, ya miombo. Kisha Uvinza, ambako nitarudi mwishoni. Baada ya Uvinza nchi inaanza kuinuka na kushuka, michikichi inaonekana mabondeni, na watu wanaanza kukusanya mizigo saa nzima kabla ya wakati.

Jumatatu, kutoka Kigoma hadi Ujiji

Kituo cha Kigoma ndiko reli inakoishia. Tulitoka nje, tukaliona ziwa, na mdogo wangu hakutaka kusogea. Ziwa Tanganyika ni refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani, kilomita 673, na lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kikubwa zaidi. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Sikuwa nimejiandaa kwa rangi yake, na kwa milima ya Kongo iliyosimama ng'ambo kama vile mtu angeweza kuifikia kabla ya magharibi.

Daladala za Ujiji zinapanda kilima kutoka mjini, zinapita Mwanga kwenye soko kubwa na pilikapilika zote, kisha zinashuka upande wa kusini. Nauli tulilipa shilingi 600 kila mmoja. Umbali hauzidi kilomita kumi, lakini baada ya Mwanga mji unabadilika: kelele zinapungua, miti inaongezeka, nyumba zinakuwa za chini na kila moja ina baraza. Tulikuwa tukiingia wakati watu wanatoka kazini. Karibu kila abiria alikuwa anarudi nyumbani, na kondakta aliwajua. Alisimamisha gari bila kuambiwa.

Tulipata gesti ya shilingi 25,000 kwa usiku, chumba chenye chandarua, feni na maji ya ndoo. Mwenye nyumba alituuliza mara mbili kama hatukukusudia kulala Kigoma, kwenye hoteli zinazoangalia ziwa. Tulipomwambia tunataka Ujiji yenyewe alifurahi waziwazi. Usiku ule alituletea chai ya tangawizi ambayo hatukuiagiza, na hakuiandika kwenye hesabu.

Jumanne, mitaani

Hii ndiyo siku niliyoandika kurasa nyingi kuliko zote.

Ujiji ni mji wa barabara za vumbi jekundu, miembe mikubwa na nyumba zilizojengwa kwa mpango ambao mtu wa Bagamoyo au Pangani angeutambua mara moja: baraza mbele, ukumbi wa kupita katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma. Kuta ni za udongo au tofali, mapaa ni ya bati. Hapa na pale umebaki mlango wa zamani wenye nakshi. Uko mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Bahari ya Hindi, lakini ukiangalia wanaume wenye kofia wakicheza bao na akina mama waliojifunga kanga wakisuka ukili, utasema bahari iko nyuma ya nyumba ile.

Upande wa Kitongoni tulimwamkia bibi mmoja aliyekuwa barazani kwake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mnatafuta mnara? Mmeshaupita, rudini kule."

"Hapana bibi, tunatembea tu kuuona mji."

Alituangalia kidogo, akasogeza mkeka. "Basi kaeni. Kwenu wapi?"

"Morogoro, bibi."

"Morogoro nimepita na treni, nikienda kumzika dada yangu Kariakoo."

Tulikaa pale hadi adhana ya adhuhuri. Alitueleza kuhusu jamaa zake walioko Dar es Salaam, wengine Tabora, wengine Bujumbura mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya barazani hadi leo. Nilipomuuliza kabila alijibu bila kusita, "Sisi Wamanyema. Wazee wetu walitoka ng'ambo." Akaonyesha kwa kidevu upande wa ziwa. "Wengine walikuja na majembe yao, wengine walikuja na mnyororo. Hapa hatuulizani."

Sijaacha kuifikiria kauli ile. Manyema ni nchi iliyoko mashariki ya Kongo, ng'ambo ya ziwa na mbele zaidi, pande za Kasongo na Nyangwe. Kuanzia miaka ya 1860 wafanyabiashara wa pwani, na miongoni mwao Hamed bin Muhammed aliyejulikana zaidi kama Tippu Tip, waliingia huko wakitafuta pembe za ndovu. Pembe zilibebwa na watu, na wengi wa watu hao walikuwa wametekwa. Walivushwa ziwani kwa majahazi na mitumbwi, wakashushwa Ujiji. Wapo waliopelekwa mbele hadi Tabora na pwani. Wapo waliobaki hapa wakawa wakulima wa mashamba ya matajiri, mabaharia, askari wa misafara, watumishi wa nyumbani. Na wapo waliokuja kwa hiari yao kufanya biashara. Baada ya vizazi viwili walikuwa wameoana, wanasali msikiti mmoja, wanasema lugha moja, na jina la Manyema likawa jina la heshima. Dar es Salaam, Kariakoo, uko Msikiti wa Manyema.

Wenyeji wa ardhi hii ni Wajiji, ambao ni sehemu ya Waha, na walikuwa wakilima na kuvua hapa kabla pembe moja haijapita. Soko lao lilikuwa na samaki, mawese, nafaka, na chumvi ya Uvinza. Wasafiri wa karne ya 19 walieleza kwamba fedha ya soko la Ujiji ilikuwa ushanga ulioitwa sofi, wenye umbo la vipande vya shina la kiko, ukitungwa kwenye uzi na kuhesabiwa. Mtu wa pwani aliyefika na vitambaa alilazimika kwanza kuvibadilisha kwa sofi ndipo apate hata kitoweo. Miaka ya 1870 mkubwa wa wafanyabiashara wa pwani mjini hapa alikuwa Mwinyi Kheri. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Ujiji mwaka 1896, walikuta mji uliokwisha kujengwa, wenye watu wa kila upande wa ziwa.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873. Lakini Tanganyika, sheria ya kufuta utumwa wenyewe ilipitishwa 1922. Hiyo ni enzi ya mama yake bibi yule. Ndiyo maana nimeelewa kwa nini hawaulizani, na sikuuliza zaidi.

Wakati wa kuaga alimwita mjukuu wake atusindikize hadi sokoni. Kijana alituonyesha msikiti baada ya msikiti, na chuo alichosomea Kurani. Alitwambia alfajiri anapanda daladala kwenda kufanya kazi Kigoma na jioni anarudi, kama wenzake wote wa mtaa. "Kigoma pa kazi, Ujiji pa kulala," alisema.

Chakula cha mchana kwa mamantilie: ugali wa muhogo, samaki wa ziwani aitwaye mgebuka, wa kuchoma, aliyerushiwa mawese na pilipili, na mlenda. Shilingi 4,000 sahani. Mawese mabichi yana harufu nzito kwa asiyezoea. Onjeni kidogo kwanza, kisha mtaomba kuongezewa.

Ushauri: Ujiji ni mji wa Waislamu wengi na wa watu wazima wanaojuana. Vaa kwa heshima, amkia kila baraza unayopita, na usipige picha ya mtu wala ya nyumba bila kuomba. Tulipoomba, hatukukataliwa.

Jumatano, mnara

Nisingetaka mtu asome haya akadhani naudharau mnara. Ni mahali pa kwenda, na pa kwenda taratibu.

Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje, beba kitambulisho. Uwanja umefagiliwa vizuri, na katikati pako mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika na maandishi yanayosema Stanley alikutana na Livingstone hapo tarehe 10 Novemba 1871. Mwembe waliokutania chini yake ulishakufa zamani. Miembe iliyopo inatajwa kuwa ni kizazi cha ule, na ina kivuli cha kutosha darasa zima. Ndani ya jumba la makumbusho mmewekwa sanamu za wazee wawili wakivuliana kofia.

Mwongozaji alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alianza pale ambapo wengi hawaanzi: Nyangwe. Julai 15, 1871, Livingstone alikuwa sokoni Nyangwe, nchi ya Manyema, watu wa mfanyabiashara mmoja wa pwani walipofyatua bunduki katikati ya soko lililojaa wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni walipokimbia. Livingstone alikata tamaa ya kuendelea na safari yake, akarudi Ujiji, akafika Oktoba akiwa mgonjwa, na akakuta bidhaa alizotumiwa kutoka Zanzibar zimeshauzwa zote. Maelezo yake ya siku ile Nyangwe, Stanley aliyafikisha Uingereza, na yaliongeza msukumo wa kulifunga soko la Zanzibar mwaka 1873.

Kisha mwongozaji alimtaja Susi, mtumishi wa Livingstone, bila kuulizwa. Abdullah Susi ndiye aliyetoka mbio kuupokea msafara wa Stanley ulipoingia mjini, ndiye aliyerudi mbio kumwambia bwana wake kuna mzungu anakuja. Na ni Susi na James Chuma, pamoja na wenzao, ambao baada ya Livingstone kufa Mei 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, waliukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo, safari ya miezi mingi. Nilimshukuru mwongozaji kwa hilo. Nilitamani Susi naye awe na sanamu, amesimama kati ya wale wawili, kwa sababu pasipo yeye wasingekutana vile.

Jambo lililonisumbua lilikuwa ziwa. Simulizi za wakati ule zinaiweka Ujiji ufukoni kabisa, lakini kutoka mnarani unatembea mteremko mzima kabla hujagusa maji. Sababu ni Lukuga, mto unaotoa maji ya ziwa upande wa Kongo, karibu na Kalemie. Katikati ya karne ya 19 mdomo wake ulikuwa umezibwa na matope na mimea, maji yakawa yanapanda mwaka hadi mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1870 yakakivunja kile kizibo, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Wakazi wa Ujiji walibaki wakiangalia bandari yao ikikauka. Miaka hii ya 2020 maji yamepanda tena na kuingia kwenye nyumba za kandokando, kuanzia Bujumbura hadi Kigoma. Wazee wanaojenga juu, mbali na maji, wanajua wanachofanya.

Alhamisi, mwaloni

Tuliteremka alfajiri hadi mwaloni, ufukoni mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Mitumbwi ya usiku ilikuwa inaingia, taa bado zimening'inia. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Nyingi sasa ni taa za betri na sola. Dagaa hufuata mwanga, ndiyo maana wavuvi hupumzika siku za mbalamwezi: mwezi ukiwa mpevu dagaa hutawanyika na taa haisaidii. Akina mama walipokea ndoo zikiwa zinatiririka, bei ikapangwa papo hapo kwa kelele na vicheko, na jua lilipotoka dagaa walikuwa wameshaanikwa, wengine juu ya mchanga, wengine juu ya chanja. Wa chanja ni bei juu, hawana mchanga. Tulinunua sado ya kurudi nayo.

Mvuvi mmoja alitueleza kuhusu 2024, serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Nilitegemea malalamiko, na yalikuwepo: miezi mitatu bila kipato ni migumu, na waliopata shida zaidi ni akina mama wachuuzi. Lakini alisema pia kwamba ziwa lilikuwa limechoka, na yeye mwenyewe aliona migebuka ikizidi kuwa midogo. "Ziwa ni la nchi nne," alisema, "ukipumzisha peke yako mwenzako anavua." Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zinaligawana, na anachosema ndicho wataalamu wanachokisema.

Pembeni palikuwa na mafundi wa mitumbwi. Tulikaa nao karibu asubuhi nzima. Mbao hupindwa na kupigiliwa kwenye mataruma, yaani mbavu za mtumbwi, kisha nyufa zote hukalafatiwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, inasukumwa kwa patasi butu na nyundo, kidogo kidogo, hadi mbao zinashikana. Fundi mkuu alianza kazi hiyo akiwa mtoto, akimshikia babu yake pamba. Hana mchoro wowote. Vipimo vyote viko mkononi, shibiri na dhiraa. Aliniruhusu kujaribu patasi, akanirekebisha kiganja kwa upole, na mdogo wangu akapiga picha ambayo ndiyo naipenda kuliko zote.

Kama unataka kuona uingiaji wa mitumbwi, uwe mwaloni kabla ya jua. Saa tatu asubuhi shughuli imekwisha. Na chungulia kalenda ya mwezi kabla ya kupanga safari.

Ijumaa tulipumzika, tukafua, maduka yakafungwa adhuhuri kwa sala.

Jumamosi, Kigoma

Tulirudi Kigoma tukiwa na swali moja: kwa nini mji mkubwa ukawa huu na si ule?

Jibu liko kwenye ghuba. Ukisimama juu ya kilima unaona maji ya Kigoma yameingia ndani ya nchi, yamekingwa na upepo, na yana kina cha kupokea meli hadi ukingoni. Ujiji ni ufuko ulio wazi na maji mafupi. Mtumbwi unafaa, meli haifai. Wajerumani waliojenga Reli ya Kati walianza Dar es Salaam 1905, wakafika Tabora 1912, na Februari 1914 reli ikaingia Kigoma, kilomita 1,250 hivi kutoka baharini. Ujiji, uliokuwa mwisho wa njia kwa miaka mingi, ulirukwa kwa kilomita chache tu. Ofisi, maghala na bandari vikahamia kwenye reli. Wakazi hawakuhama. Nilipofikiria hilo nikayakumbuka maneno ya kijana wa juzi kuhusu pa kazi na pa kulala. Daladala za alfajiri na jioni zinaendesha mpango uliowekwa 1914.

Kupitia reli hiyohiyo ilikuja meli. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku maelfu, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kuunganishwa upya. Ilishushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji waliotawala Kongo wakikaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikaanza kazi tena ikiitwa Liemba. Grisi ile ndiyo iliyookoa mitambo, na meli imebeba watu na mizigo ya pwani yote ya ziwa kwa vizazi. Ukiuliza Ujiji nani amewahi kupanda Liemba, baraza nzima inainua mikono.

Wabelgiji nao waliacha alama: mkataba wa 1921 uliwapa eneo lao bandarini Kigoma na jingine Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na Burundi ipite.

Tahadhari: bandarini na stesheni msipige picha bila kibali. Ombeni getini, tuliomba, tukaruhusiwa upande mmoja na kukatazwa mwingine, kwa maelezo ya adabu.

Jumapili, barabarani

Tulirudi Tabora kwa basi ili tuione nchi mchana. Mwenye gesti alikuwa ametufungia vitumbua kwenye karatasi, akakataa hela. Basi liliondoka alfajiri likiwa limejaa madumu ya mawese, na jirani yangu wa kiti alikuwa mama wa Ujiji, mchuuzi, mwenye madumu manne kwenye buti. Tulipita daraja refu la Malagarasi, mita 275, lililofunguliwa 2015. Yeye anakumbuka masika ambayo watu walilala mtoni wakisubiri kuvuka.

Kabla ya hapo basi lilikuwa limesimama Uvinza kwa chai. Chumvi ya hapa inatokana na chemchemi za maji ya chumvi, na imekuwa ikichemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Mama yule alishuka akiwa na chupa mbili za mawese, akaenda moja kwa moja kwa mwanamke aliyekuwa akimsubiri kando ya barabara, wakaamkiana, akampa chupa, akapewa mfuko wa chumvi. Hapakuwa na hela. Nilimuuliza kama ndivyo wanavyofanya siku zote.

"Siku zote," alisema. "Yeye hana michikichi, mimi sina chumvi. Mama yangu alifanya hivyo na mama yake."

Nami nilinunua mfuko mmoja, shilingi 1,000, kabla dereva hajapiga honi.